UZI: Kuzuru Masiro ya Kasubi na Lubiri (ikulu) ya Mengo. Namna ya kuingia, cha kutazama, na kinachoharibu nyumba ya nyasi

Mwongoza_Njia

Wakuu, habari za leo. Swali la Kasubi hurudi kila msimu wa likizo na kila mara hujibiwa nusunusu. Mmoja anataja nauli, mwingine anaweka picha ya geti, uzi unafia hapo. Tuliweke vizuri mara moja.

Kasubi ni kilima kilicho kaskazini-magharibi mwa Kampala, yapata kilomita 5 kutoka katikati ya jiji. Kabaka (mfalme wa Buganda) Muteesa I alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa ndani ya nyumba ileile aliyokuwa akiishi, na toka hapo ikulu ikawa masiro, yaani makaburi ya wafalme. Kwa hiyo unachokwenda kuona ni nyumba ya mtu aliyewahi kulala humo, akala humo, akapokea wageni humo. Jina lake ni Muzibu Azaala Mpanga. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Ikateketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi 2010, na mwezi huohuo wa moto ulipoisha watu walikuwa tayari wanapanga kuijenga upya. Ikajengwa upya, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Njia: panda takisi (daladala) ya barabara ya Hoima, zile zinazopita Bakuli na Nakulabye, ushuke soko la Kasubi. Hapo unapandisha kilima kwa barabara ya Masiro. Kwa miguu si mbali, ila jua la saa sita linachosha. Boda wamejaa pale stegi. Ukimwambia bodaboda "Kasubi" peke yake atakushusha sokoni. Mwambie "Masiro".

Ndani kuna mpangilio ambao wengi huupita bila kuuona. Kwanza ni Bujjabukula, nyumba ya lango yenye kuta za matete, ambamo walinzi hukaa. Hapo ndipo unapopiga hodi. Ukipita unakuta ua mdogo wenye nyumba ya ngoma, Ndoga-Obukaba. Ndipo unatokea kwenye ua mkuu wa mviringo, nyumba kubwa iko mbele yako, na pembeni zake nyumba ndogo za akina mama wanaolinda masiro pamoja na makaburi ya watu wa ukoo wa kifalme. Usikimbilie nyumba kubwa. Simama kwenye ua kwanza upate kipimo chake: upana wa nje ni mita 31, kwa hiyo ukiizunguka unatembea karibu mita 100.

Fundi_wa_Ezeko

Asante kwa kuanzisha, ssebo (bwana). Niongeze la paa, kwa sababu nyumba hii karibu yote ni paa. Nyasi zinashuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, ukuta hauonekani. Kwa ndani kimo ni mita 7.5.

Wageni hutazama juu tu wakapiga picha ya umbo. Mimi nasema sogea kwenye ukingo wa chini, pale nyasi zilipokatwa. Angalia unene wake. Ezeko zuri linaonyesha ncha za nyasi zilizobanana kama nywele za brashi, zimekatwa mstari mmoja, na ukibonyeza kwa jicho (kwa mkono hapana, usiguse) huoni shimo wala tumbo. Ukiona sehemu imezama ndani kama bonde, jua chini yake kuna fito iliyolegea au nyasi zilizooza. Ukiona ukijani wa kuvu, mara nyingi ni upande usiopata jua au chini ya tawi la mti. Maji yakidondoka kutoka kwenye tawi hutua sehemu moja kila siku, na sehemu hiyo ndiyo huoza kabla ya nyingine.

Nyasi huzuia maji, lakini si kwa kuwa hazipenyeki. Tone linateremka kutoka unyasi mmoja kwenda mwingine, na kama mteremko ni mkali linafika ukingoni kabla halijazama zaidi ya safu za juu. Mteremko ukilegea, maji yanapata muda wa kuzama. Ndiyo maana kilele, ambako kuba linalala, ndipo penye hatari kubwa kuliko pande zote.

Kosa jingine ni nyasi zenyewe. Zikikatwa zingali mbichi, zikafungwa matita na kurundikwa, zinapata joto katikati na kuota ukungu kabla hata ya kupanda juu. Zinatakiwa zikomae, zikaushwe, zichambuliwe majani laini yote yatoke, kibaki kile kijiti kigumu. Kuchambua huku ndiko kunakokula siku nyingi kuliko kuezeka kwenyewe. Mtu akikuuliza kwa nini kuijenga upya nyumba moja kulichukua zaidi ya miaka kumi, anza na nyasi: zina msimu wake, na ukikosa msimu unasubiri mwingine.

Tena si kila mtu anayepanda. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, watu wa mbega. Mapambo ya nguo ya gome ndani ni ya ukoo wa Ngo, watu wa chui. Wanawake hawakaribii kazi ya ezeko inapoendelea. Unaweza kukubaliana na mwiko huo au usikubaliane, lakini ujue kwamba ratiba ya ukarabati ilifuata wenye kazi yao, haikufuata mkandarasi.

Dada_Arusha

Shikamooni wakubwa. Naleta wanafunzi 30 wa sekondari, mchanganyiko wasichana na wavulana. Je, suruali zinaruhusiwa? Picha? Na hii ni makumbusho ya kawaida yenye vibao vya maelezo, au mpaka upate wa kueleza?

Nalongo_wa_Nateete

Marahaba dada, karibu Uganda.

Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo linalobeba mengine. Usiwaambie watoto wanakwenda makumbusho. Waambie wanakwenda nyumbani kwa watu. Wafalme wanne wamelala humo: Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Muteesa II. Kwa Baganda, Kabaka hafi. Husemwa amepotea, na nyuma ya pazia la nguo ya gome mle ndani pana mahali paitwapo Kibira, yaani msitu, ambako ndiko alikokwenda. Pazia hilo halivukwi na mgeni wala halichunguliwi. Mtoto akilijua hilo mapema, hutahitaji kumkemea akiwa ndani.

Mavazi: wasichana wavae sketi ndefu au gauni. Aliye na suruali ajifunge leso (kanga) juu yake. Njoo na leso zako za akiba, tano au sita, usitegemee za kuazima kwa kundi la watoto 30. Wavulana wasije na kaptura wala kofia kichwani. Viatu vinavuliwa nje, na hapa ndipo makundi yanapokwama. Watoto 30 ni viatu 60 mlango mmoja. Wape mifuko, kila mmoja abebe vyake, la sivyo mtapoteza nusu saa mkitafutana.

Mlango ni mpana lakini chini, kwa hiyo unainama kuingia. Ndani mnakaa chini juu ya mikeka, na chini ya mikeka pametandazwa nyasi. Wanawake hukunja miguu upande mmoja, wanaume hukunja mguu juu ya mguu. Hakuna kunyoosha miguu kuelekea makaburini. Hakuna kupiga picha ndani. Kuna vikapu vya sadaka. Weka chochote, hakuna atakayekuhesabia. Ukikuta akina mama wameketi, salimia kwa kupiga magoti au walau kuinama. Hawako pale kwa maonyesho. Ni zamu yao katika nyumba, na zamu hizo zilikuwepo kabla ya sisi sote.

Vibao vya maelezo visiwe tegemeo lako. Omba mwongozaji langoni na mwambie mapema lugha unayotaka. Wenye Kiswahili wapo ila si kila saa, kwa hiyo piga simu siku moja au mbili kabla, na hapohapo thibitisha kama ndani panafunguliwa siku hiyo. Kukiwa na shughuli ya kimila, nyumba hufungwa kwa wageni, na hakuna kubembeleza.

La mwisho la kuwaambia wanafunzi wako, kwa kuwa wanatoka nchi ya lugha hii: Muteesa I alijua Kiswahili. Wafanyabiashara wa pwani walifika katika ikulu ya baba yake, Ssuuna II, na lugha yao ikasikika barazani hapo kabla mvumbuzi Stanley hajafika mwaka 1875.

Kijana_Bweyogerere

Samahani wakuu, mimi nina shaka moja. Nasoma kwamba ndani kuna nguzo za zege na vyuma. Sasa hiyo "nyumba ya kale" iko wapi? Kama imeungua ikajengwa upya, na hata kabla ya kuungua ilikuwa na zege, tunaoneshwa nini hasa?

Fundi_wa_Ezeko

Swali halali, ndugu. Zege na chuma viliingia kwenye ukarabati mkubwa ulioanza mwaka 1938, karibu na mwisho wa enzi za Daudi Chwa. Waliogopa uzito wa paa juu ya nguzo za miti. Hofu ilikuwa ya kweli: mti uliochimbiwa ardhini huliwa na mchwa na kuoza pale usawa wa udongo, mahali ambapo unyevu na hewa vinakutana. Juu unauona mzima, chini umebaki unga. Paa la ukubwa huu likishikiliwa na nguzo mbili za namna hiyo, linaegemea, na likishaegemea mteremko wa upande mmoja unalegea, maji yanaingia, uzito unaongezeka. Mambo yanafuatana.

Lakini nyumba ya nyasi haijawahi kuwa kitu cha kubaki na nyasi zilezile. Hata bila moto, ezeko hubadilishwa. Kinachodumu ni umbo, vipimo, mpangilio, na watu wenye haki na ujuzi wa kila kazi. Ukiingia, tazama juu: kuna duara za makuti zinazopanda kutoka pana hadi nyembamba kileleni. Ziko 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Fundi akizidisha au akipunguza duara moja, amekosea nyumba, hata kama paa halivuji. Huo ndio ukale wake, na kwa maoni yangu una nguvu kuliko ukale wa gogo.

Kwa upande wa zege nakubaliana nawe kidogo. Nguzo zimefungwa nguo ya gome ili zege lisionekane, na mgeni asipoambiwa hatajua. Aambiwe. Si aibu.

Kuhusu moto: nyumba ya nyasi kavu ikishika, haizimwi kwa ndoo. Kwa hiyo baada ya 2010 kazi haikuwa kuezeka tu. Japani kupitia UNESCO ilisaidia pia upande wa kinga ya moto. Ukiwa pale, waoneshe vijana vifaa vya kuzimia moto na nafasi iliyoachwa kati ya nyumba kubwa na vibanda. Nafasi ile ni kinga. Sigara hapana, hata uani.

Mutuba_na_Nyundo

Mmetaja nguo ya gome mara tatu, hakuna aliyeieleza. Kwa Luganda ni lubugo, na mti wake ni mutuba, jamii ya mkuyu. Ufundi wake umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika; ulitangazwa mwaka 2005. Ukoo wenye kazi hii ni Ngonge, watu wa fisi maji.

Gome huvunwa wakati wa mvua, kwa sababu hapo utomvu unatembea na gome linabanduka bila kuchanika. Fundi anakwangua kwanza ile ngozi ngumu ya nje, anakata duara juu na duara chini ya shina, anapasua mstari mmoja wima, kisha anabandua taratibu. Shina lililobaki uchi linafungwa majani ya mgomba siku hiyohiyo. Ukiliacha juani linakauka na mti unakufa, umepoteza nguo za miaka mingi, maana mutuba uliotunzwa hutoa gome tena na tena.

Gome hulainishwa kwa moto au maji ya moto, halafu ni nyundo za mti zenye mifereji. Unaanza na ya mifereji mipana, unamaliza na ya mifereji myembamba. Kazi inafanywa ndani ya banda wazi, kivulini, gome lisikauke upesi. Likikauka kabla halijatanuka linapasuka kwenye mikunjo. Mwisho linatandazwa juani, na jua ndilo linaloleta ile rangi ya udongo mwekundu. Linaloingia kivulini mapema hubaki limepauka.

Ukiwa Kasubi, nenda karibu na pazia kwa kadiri unavyoruhusiwa, ukae upande ambao mwanga wa mlango unalipiga kwa pembeni. Utaona mistari midogo sambamba. Hiyo ni alama ya nyundo. Utaona pia viraka vya mviringo vilivyoshonwa: hapo palikuwa na tawi, gome likabaki na tundu, fundi akaliziba. Watu hudhani ni uchakavu. Kiraka kizuri hufuata mwelekeo wa nyuzi za nguo. Kilichoshonwa kinyume huvuta na kukunja pazia lote. Adui wa lubugo ukutani ni unyevu. Paa likivuja kidogo tu, doa jeusi linatokea kwenye pazia kabla hujaona tone lolote sakafuni. Wasimamizi wazuri husoma paa kupitia pazia.

Mwongoza_Njia

Maelezo hayo ya pazia ni dhahabu, mzee wangu.

Niunganishe na Lubiri ya Mengo, kwa kuwa wengi hufanya zote siku moja. Mwanga II alihamia kilima cha Mengo mwaka 1885. Nyumba ya ikulu inaitwa Twekobe, na hii ni ya matofali na nguzo, mtindo mwingine kabisa. Jeshi la serikali liliivamia tarehe 24 Mei 1966, Muteesa II akakimbilia Uingereza na kufia London mwaka 1969. Eneo likawa kambi ya jeshi. Falme, zilizokuwa zimefutwa, ziliporudishwa mwaka 1993 ndipo njia ya kuikarabati ikafunguka.

Jueni mapema msije mkavunjika moyo: Twekobe hutazamwa kwa nje. Unachotembea ni viwanja, pamoja na handaki la vyumba ambamo watu waliteswa na kuuawa enzi za Idi Amin. Humo ndani pana giza, sakafu huwa na unyevu, na pana maandishi ya ukutani. Vaa viatu visivyoteleza, beba tochi. Kwa wanafunzi wa dada wa Arusha: wadogo wa kidato cha kwanza wasiingizwe bila kuambiwa wanakwenda kuona nini.

Ukitoka getini, tazama mbele: barabara ya Kabakanjagala imenyooka kama uzi mpaka Bulange, bunge la Buganda, karibu maili moja. Alama za koo zimewekwa kandokando. Tembea kwa miguu ukizisoma moja moja, utazikuta zile ulizosikia Kasubi: mbega, chui, fisi maji. Langoni, Wankaaki, kuna moto unaowashwa muda wote Kabaka yu hai. Usitupe chochote humo.

Mwl_Hoima

Kampala isimeze uzi wote. Wamala, kwenye barabara hiyohiyo ya Hoima ukishapita Nansana, ndiko alikozikwa Ssuuna II. Nyumba ilikuwa ya namna moja na Kasubi na ilianguka kwa uchakavu, kwa hiyo ulizia hali ya ujenzi kabla ya kupanda kilima. Inafaa kuanza nayo asubuhi ukarudi Kasubi.

Hapa Hoima, kilomita chache kwenye njia ya Masindi, kuna Mparo. Amelala Omukama (mfalme wa Bunyoro) Kabalega, aliyepelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1899 na kufariki Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Fort Portal kuna Karuzika, ikulu ya ufalme wa Toro iliyoporwa ikabaki magofu, ikakarabatiwa kwa msaada wa Gaddafi wa Libya. Wengi huenda kwa ajili ya mandhari ya kilimani, na makaburi ya Karambi, barabara ya Kasese, yanasahaulika bila sababu. Ukielekea Mbarara, simama Igongo pale Biharwe, mna makumbusho ya ufalme wa Nkore yenye vibao na maelezo. Ikiwa mnataka vitu ndani ya kabati vikiwa na majina yake, hapo ndipo, pamoja na Makumbusho ya Taifa pale Kitante.

Dada_Arusha

Asanteni sana. Tunafikiria Aprili. Na tuanze wapi, Mengo au Kasubi?

Fundi_wa_Ezeko

Aprili ni mvua, dada, Machi hadi Mei. Kwa anayetaka kuelewa paa ni mwezi mzuri, kwa watoto ni matope. Anzeni Kasubi asubuhi, maana mvua ya Kampala mara nyingi hushuka mchana, na mkiwa na soksi zilizolowa hamtakaa juu ya mkeka wa mtu. Mvua ikiwakuta pale, msikimbie. Simameni barazani mtazame ukingo: maji yakidondoka mstari mmoja kuzunguka nyumba yote, ezeko liko sawa. Yakikusanyika yakamwagika sehemu moja kama bomba, mwonesheni mwongozaji sehemu hiyo.

Nalongo_wa_Nateete

Na leso ziwe nane, si sita. Mvua ikinyesha mbili zitakuwa zimelowa. Mengo mwende saa nane, mkiwa mmeshakula. Hapo Mengo karibu na lango chakula hakikosi, matoke na karanga.